Kiharusi: anakula uji tu, mazoezi hayasongi. Lishe ipangweje?

Mazoezi_Tiba:
Habari wadau. Mgonjwa ana miaka 64, amepooza upande wa kushoto, yuko nyumbani wiki ya sita sasa. Alikuwa na kilo 60, zimebaki 54. Mazoezi anafanya asubuhi na jioni, ila kuinuka kitini bado anashikiliwa, na hata paja la mguu usiopooza linakonda. Anapewa uji wa lishe vikombe vinne na mtori kidogo, kwa kuwa maji na chai vinampalia. Nyama na maharage familia imeacha ikihofia presha. Kidonge cha presha wanakisaga kwenye uji. Wenye ujuzi wa lishe, apewe nini na kiasi gani kwa vyakula vya sokoni?

Lishe_Wodini:
Mkuu, ukiona mguu usiopooza nao unakonda, jua kuna njaa hapo. Kilo 6 kati ya 60 ni asilimia 10 ya uzito, na hizo si mafuta tu, ni misuli unayojaribu kuijenga.

Piga hesabu. Kikombe cha uji mwepesi cha mililita 300 kina unga gramu 30 hivi: kalori kama 110, protini gramu 3. Vinne havifiki kalori 450. Yeye anahitaji kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo, na protini gramu 1.2 hadi 1.5. Kwa uzito wake wa zamani ni kalori 1,500 hadi 1,800, protini kuanzia gramu 72. Unga wa nafaka kumi hauokoi kitu. Nafaka zikiwa nyingi bado ni wanga.

Usimwongezee vikombe, atashiba maji. Neemesha kikombe kilekile: pika kwa maziwa mililita 250 (protini 8), korogea yai moja na uliache liive kabisa (6), malizia kijiko kikubwa cha siagi ya karanga laini (4). Sasa kikombe kina protini kama 20 na kalori zaidi ya 400. Viwili hivyo kwa siku. Mchana samaki wa kuchemsha gramu 100, miiba yote itolewe, apondwe na viazi na kijiko cha mafuta. Jioni mtori uliosagwa pamoja na nyama. Siku ambayo hakuna nyama, tia unga wa dagaa wasio na chumvi, ila waoshwe mchanga kabla ya kukaushwa tena na kusagwa.

Kinachopandisha presha ni chumvi, maharage hayana kosa. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na vidonge vya kuungia mchuzi vimo kwenye hesabu hiyo. Kabla ya kupandisha protini, apimwe figo. Zikiwa na hitilafu, kiwango hubadilika.

Nesi_Kumeza:
Naunga mkono, lakini kumeza kupimwe kwanza. Anayepaliwa na maji anaweza kupitisha chakula mapafuni bila hata kukohoa. Sauti ikilowa baada ya kumeza, kama ina maji kooni, au homa zikijirudia, msilishe kwa mdomo. Mrudisheni hospitali leo.

Mtaalamu wa kumeza akishasema uji uwe mzito kiasi gani, upime nyumbani kwa bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, lenye milimita 61.5 kutoka 0 hadi 10. Ziba ncha kwa kidole, jaza uji kwa juu, achia utiririke sekunde 10. Zikibaki mililita 1 hadi 4, ni mzito kidogo sana. 4 hadi 8, mzito kiasi. Zaidi ya 8 huku bado unadondoka, mzito wa wastani. Pima ukiwa na joto lile lile atakalonywea, kwani uji wa moto hutiririka kuliko uliopoa. Kimea msitie kabisa: huyeyusha wanga, uji ukawa kama maji. Mate nayo hufanya hivyo, ndiyo maana kikombe kilichochovywa kijiko cha mdomoni hulegea kabla hakijaisha. Mimineni kiasi kidogo kidogo kwenye bakuli jingine la kulishia.

Akae wima, kidevu kikiinama kidogo, kijiko cha chai, ameze kwanza ndipo kije kingine. Shavu la kushoto likaguliwe, chakula hujificha huko. Asilale kwa dakika 30, na meno yapigwe mswaki mara mbili, maana bakteria wa kinywani ndio huleta nimonia.

Hicho kidonge cha presha: kama ni nifedipine ya kutoa dawa polepole, kukisaga kunaachia dozi yote kwa mpigo na presha inaporomoka. Daktari abadilishe dawa, msikisitishe wenyewe.

Mazoezi_Tiba:
Ni nifedipine kweli. Nawapigia sasa hivi. Je, mlo ukae wapi na mazoezi?

Lishe_Wodini:
Mazoezi saa moja baada ya mlo, kisha kikombe kimoja cha ule uji mara tu akimaliza. Na kwa kuwa amepooza kushoto, angalia kama anaacha nusu ya kushoto ya sahani. Huwa hawaioni, si kwamba wameshiba, izungushe. Kama mizani ni shida, pima mzunguko wa mkono wa kulia, katikati ya bega na kiwiko, kila wiki. Chini ya sentimita 23.5 ni wembamba wa hatari. Ukiendelea kushuka, muulizeni daktari kuhusu mpira wa kulishia kwa muda.