Tupeane uzoefu: kutoka na watoto wadogo, kituko gani hutakisahau?

Mama Pacha
Jana nimemkuta dada mmoja nje ya lifti, mtoto kajilaza sakafuni kajinyoosha kabisa hataki kuinuliwa, kisa kuna mtu kamuwahi kubonyeza kitufe. Watu wanampita yule dada wanamwangalia kama kaiba. Nikaanza kucheka afu nikakumbuka ya kwangu nikanyamaza.
Mi nina mapacha, miaka miwili na nusu. Zamani nilikuwa natoka na simu na funguo basi. Siku hizi hata nikienda hapo karibu begi lina pampasi, nguo za akiba za kila mmoja, chupa za maji, mfuko wa nguo zilizochafuka, na lile dubu lisilo na sikio ambalo tukilisahau safari imekufa. Na tukishavaa viatu wote, tukifika mlangoni, ndo mmoja anatangaza anataka kunya. Haya leteni ya kwenu tucheke.

Baba Wawili
Hatangazi mlangoni huyo, anasubiri ufunge na kufuli kabisa.

Dereva wa Familia
Mapacha hongera. Mi yangu ni ya kwenye gari. Tunaenda kuwasalimia wazee, barabara yote kona, mkubwa wangu wa miaka minne akaniambia baba tumbo linazunguka. Nikamwambia vumilia kidogo kuna sehemu ya kusimama hapo mbele. Hapo mbele hapakufika. Alitapika kwake, akatapika kwenye kiti, akageuka akatapika upande wa mdogo wake, na mama yake aliyenyoosha mikono kukinga akakinga kweli.
Nguo unafua, kiti unavua kitambaa unafua, tatizo ni kile kifungio cha mkanda. Yale mambo yanaingia mle kwenye tundu, yakikauka mkanda haufungi, kinalia tu krr na hakibani. Nilichokonoa na mswaki jioni nzima. Ndo nikaja kuelewa hii kitu ya kutapika safarini inawashika zaidi wa kuanzia miaka miwili hadi kumi na mbili hivi, wale wachanga ni mara chache sana, yule mdogo alikuwa kwenye kiti chake anatazama nyuma anachekelea tu. Shida ni sikio linasema tunatembea, macho yameinamia kitabu yanasema tumekaa, ubongo unachanganyikiwa. Kwa hiyo kwetu hakuna kusoma wala kuangalia katuni garini, wote macho nje mbali, dirisha wazi kidogo, na kindoo chenye mfuniko.

Kapera Mtazamaji
Nasoma huku nimeshika tumbo. Naahirisha ndoa.

Baba J
Dereva unajitesa. Mpe tableti anyamaze, wangu anaangalia safari nzima hatapiki hasumbui.

Shangazi Mkali
Ndo hao wanafika kwa watu hata shikamoo hawajui. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019, chini ya mwaka mmoja hakuna kioo kabisa, miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ni bora zaidi. Someni jamani.

Baba J
Shangazi shikamoo. Huo mwongozo ni mzuri sana ila aliyeuandika hajawahi kukaa na mtoto wa miaka miwili kwenye basi lililoharibika njiani. Una watoto wangapi wa umri huo nyumbani kwako kwa sasa?

Shangazi Mkali
Marahaba. Niliwalea, wakakua, na hawakulelewa na kioo.

Baba Wawili
Nyie hamieni pembeni huko tusikie stori.

Mama Nuru
Naomba niandike ndefu mnivumilie maana hii nikikumbuka mpaka leo mikono inatetemeka. Tulitoka familia nzima, mama mkwe yupo, mawifi wapo, tukaenda bustani yenye bembea watoto wacheze. Nuru alikuwa mwaka na nusu. Akachukua mpira wa mtoto mwingine, mwenye mpira akaja akaunyakua, Nuru akafungua mdomo alie, mnajua ule mdomo unaofunguka kwanza sauti inakuja baadae, sasa mimi nimekaa nasubiri sauti, sauti haiji. Mdomo uko wazi, hapumui, midomo ikaanza kuwa ya bluu, macho yakapanda juu, akalegea mwili wote akaniangukia mikononi. Nilipiga yowe ambalo mi mwenyewe sikulijua. Watu wakajaa, mmoja anasema mwagia maji, mwingine anatafuta kijiko amuwekee mdomoni, wifi anataka kumshika miguu amning'inize, mama mkwe ameshaanza kulia msiba. Mi nimemkumbatia tu naita Nuru Nuru. Afu akavuta pumzi moja ndefu, rangi ikarudi, akaniangalia, akageuza shingo taratibu akasema "pila". Anataka mpira. Mi nimekufa nikafufuka, yeye yuko kwenye mpira bado.
Tulikimbia hospitali. Daktari wala hakushtuka, aliuliza tu, alilia kwanza au alianguka ghafla? Nikasema alilia. Akamkagua, akamsikiliza moyo, akampima damu, akasema kuna watoto wanabana pumzi wakikasirika au wakiumia mpaka wanazimia, hawafanyi makusudi, na wengi inaisha wakifika miaka mitano sita hivi. Damu ikaonyesha madini ya chuma yako chini, akaandikiwa dawa ya maji, na kwa kweli baada ya hapo zile za kuzimia zilipungua sana. Hazikuisha ila zilipungua.

Baba Wawili
Uuuwi Mama Nuru. Pole mno. Mi hapo ningezimia kabla ya mtoto.

Mzee wa Kona
Hiyo ni degedege mama, usidanganywe na mahospitali.

Nesi Mstaafu
Mzee wa Kona heshima yako lakini hapana. Degedege ya homa inakuja na homa, mtoto halii kwanza, anakakamaa na kurusharusha mikono na miguu. Hii ya Nuru lazima kuwe na kitu kimemuudhi au kimemuumiza au kimemshtua, na kawaida haifiki dakika moja anarudi mwenyewe. Anaweza kutikisika kidogo hapo katikati, ndo watu wanachanganya.
Kwa mnaosoma: mlaze ubavu chini, usimwagie maji, usimtikise, usiweke kitu chochote mdomoni. Hicho kijiko kinavunja meno. Na ikiwa ndo mara ya kwanza mpeleke akaangaliwe, sana sana akiwa chini ya miezi sita, au kama amezimia bila kulia, au anazimia akiwa anakimbia, au haamki haraka. Msikae nyumbani mkasema niliambiwa ni kubana pumzi tu.

Baba J
Sijui, mi naona ni deko. Kwetu angezimia mara moja tu, ya pili angekumbuka kupumua.

Mama Nuru
Baba J mtoto wa mwaka na nusu ana deko la kugeuka bluu? Jaribu wewe hapo ulipo ubane pumzi mpaka uzimie utuletee majibu.

Shangazi Mkali
Amezoea watoto walionyamazishwa na tableti huyo hajawahi kusikia kilio.

Baba J
Haya nimekubali nimezungukwa.

Kapera Mtazamaji
Mama Nuru swali, sasa ukitaka kumnyima kitu unafanyaje?

Mama Nuru
Ndo mtihani ulipo. Daktari alisema nisimpe kila anachotaka kwa woga, atajifunza kuwa ndo njia. Kwa hiyo namnyima, ila kwanza namsogeza kwenye zulia mbali na kona za meza, nachuchumaa mbele yake mikono imefunguka kabisa, ndo nasema hapana. Bibi yake kagoma. Bibi anampa hata miwani aliyoivaa usoni.

Mama Pacha
Jamani mi nilileta uzi wa kucheka.

Baba Wawili
Ngoja nikuchekeshe. Wa kwangu aliingiza shanga puani tukiwa ugenini. Nesi akamwambia mke wangu weka mdomo wako kwenye wa mtoto uuzibe vizuri, bana lile tundu la pua lisilo na shanga kwa kidole, puliza kwa nguvu mara moja. Shanga ikaruka na makamasi yote ikamtua mama shavuni. Mtoto akasema tena. Ila ikiwa betri ile ndogo ya duara hakuna kupuliza wala kusubiri, kimbia hospitali saa hiyohiyo, ile inaunguza ndani.

Nesi Mstaafu
Kweli kabisa hiyo ya betri. Hata akiwa ameimeza.

Dereva wa Familia
Mi naongeza moja, kabla hatujaondoka nawapiga picha na nguo za siku hiyo, na namba ya simu nawaandika mkononi kwa kalamu. Ukipotezewa mtoto kwenye umati ukaulizwa kavaa nini hukumbuki hata rangi. Na muda mzuri wa kutoka ni wakishaamka usingizi wa mchana.

Mama Pacha
Hapana, toka kabla, walale njiani mpumue.

Dereva wa Familia
Wakilala njiani saa kumi na moja jioni nani atakesha nao usiku, wewe?

Mama Pacha
Baba yao.

Kapera Mtazamaji
Dereva, ule mswaki wa kwenye kifungio ulitumia na sabuni gani? Dada yangu kaniazima gari na mpwa ndani.

Dereva wa Familia
Pole mjomba. Usiweke sabuni wala mafuta mle ndani, maji ya vuguvugu tu, chovya, tikisa, bonyeza bonyeza mpaka usikie inalia "ta" ukichomeka. Halafu kiache kikauke chenyewe. Na kabla hujarudisha gari inama unuse chini ya kiti.

Kapera Mtazamaji
Nimeinama. Kumbe kuna na lingine.