Naomba msaada: sistikola huyu wa Mabamba ni yupi? Nina picha mbili na sauti

mtumbwi_mabamba
Habari zenu jamani. Najifunza kuongoza watalii wa ndege hapa Mabamba, kinamasi cha Ziwa Victoria, Uganda. Ndege wakubwa hawanisumbui. Wanaonitesa ni hawa sistikola, ndege wadogo wa kahawia wenye michirizi mgongoni.

Picha ya kwanza ametua juu ya unyasi, jua la asubuhi linampiga ubavuni. Ya pili inaonyesha mkia vizuri, kichwa kimefichwa na jani. Sauti ni ya siku hiyohiyo, ila vyura wamejaa humo. Merlin, ile programu ya simu ya kutambua ndege, imesoma picha ikanipa Cisticola marginatus. Kwa sauti haikunipa jina lolote. Mwenzangu anashikilia ni Cisticola carruthersi, eti kwa kuwa tuko kwenye mafunjo. Mgeni anataka kumwandika kwenye orodha yake na mimi sitaki kumpa jina la kubahatisha. Ninyi mngeamuaje?

Mzee wa Darubini
Mwanangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuandika. Kuza picha ya kwanza uangalie bawa lililokunjwa. Kingo za manyoya zina rangi ya kutu, zikikusanyika zinatengeneza kiraka kinachoonekana wazi. Hiyo ni alama ya marginatus. Carruthersi hana kiraka hicho, bawa lake ni la kahawia iliyofifia, na mkia wake unaelekea weusi. Mkia kwenye picha ya pili naona ni wa kijivu wenye madoa meusi karibu na ncha. Kwa hiyo kwenye picha sina shaka kubwa.

Lakini niambie: picha na sauti ulizipata mahali pamoja?

shore_wa_budongo
Naongezea kuhusu rangi. Picha ya jua la asubuhi na mapema inafanya kila kitu kielekee wekundu, na picha ya chini ya miti inafanya kila kitu kiwe kijani. Huku kwetu msituni wale ndege shore wadogo wa jenasi ya Eurillas wanatupiganisha kila wiki. Latirostris aliyekomaa ana masharubu ya manjano, umemaliza. Kinda lake halina, na hapo picha nzuri kabisa inaweza isikusaidie. Kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Piga umbo la mdomo, urefu wa mkia, miguu. Piga hata picha mbaya nyingi za pembe tofauti, zinafaa kuliko moja nzuri ya kuwekwa ukutani.

mtumbwi_mabamba
Asanteni sana. Mzee, hapana. Picha nilipiga pale mitumbwi inapoegeshwa, kwenye majani ya ukingoni. Sauti nilirekodi baadaye, tumeshaingia ndani kabisa, mafunjo yametuzunguka pande zote na ndege simwoni.

Mzee wa Darubini
Basi hapo ndipo fundo lilipo. Una ndege wawili mpaka ithibitike kuwa ni mmoja. Marginatus anapenda ukingo, majani na matete karibu na maji. Carruthersi haachi mafunjo. Mwenzako ana hoja, ila hoja yake inahusu sauti, haihusu picha.

Nalongo wa Kazinga
Sauti nimeisikiliza kwa spika za masikioni, mara ya kwanza yote, mara ya pili nimepunguza vyura kwa programu ya Audacity. Marginatus ana ule mlio mkavu wa kukwaruza unaozunguka kama mtu anajaza saa ya zamani. Kwenye spektogramu, yaani mchoro wa sauti, unaona mistari iliyobanana sana. Hapa sioni msururu huo hata mahali pamoja. Kuna vipande vifupi vya haraka, vinakatika, vinaanza tena, na pengine ni ndege wawili wanaojibizana. Naelekea carruthersi. Ila faili limebanwa, sauti za juu zimekatwa. Ulitumia WhatsApp?

mtumbwi_mabamba
Ndiyo mama, nilijitumia mwenyewe.

Nalongo wa Kazinga
Tafuta lile la awali kwenye simu. Merlin ikirekodi huhifadhi WAV, faili la sauti lisilobanwa, hilo ndilo la kutuma, na ulitume kama dokumenti. Siku nyingine ukimaliza kurekodi usizime. Sema kwa mdomo wako: mahali, saa, ndani au ukingoni, umemwona au hujamwona. Sauti isiyo na maelezo hayo inabaki kitendawili kwa mtu atakayeisikiliza Kampala au Uholanzi.

shore_wa_budongo
Kesho si angerudi pale amchezee sauti ya carruthersi iliyorekodiwa, akitoka ampige picha?

Nalongo wa Kazinga
Kaka, hapo sikubaliani nawe. Pale Mabamba mitumbwi ni mingi, kila mmoja akicheza sauti yake ndege hao watalea makinda saa ngapi? Isitoshe, ndege aliyechokozwa hutoa milio ya hasira, si wimbo wake wa kawaida, na rekodi hiyo haifai kulinganisha. Zima injini, kaa kimya, subiri. Atapanda mwenyewe kwenye kichwa cha funjo.

Tena si kila jozi inatatuliwa na sauti. Chukua ndege mwingine, gonoleki wenu wa mafunjo, Laniarius mufumbiri: anaitikiana na mwenziwe kama yule gonoleki wa vichakani, erythrogaster, na sikio linaweza kudanganyika. Hapo picha ndiyo hakimu: mufumbiri ana utosi wa manjano na mstari mweupe kwenye bawa, mwenzake utosi mweusi tii na bawa halina mstari.

mtumbwi_mabamba
Nimeelewa. Mgeni nimwambie nini sasa?

Mzee wa Darubini
Marginatus aandike, picha ipo na ndege alimwona. Ile ya ndani aiweke eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, kama sistikola asiyetambuliwa spishi, hiyo nafasi ipo. WAV ikipatikana pandisha xeno-canto, tovuti ya sauti za ndege, wanapokea hata rekodi zisizo na jina, kisha rudi hapa na kiungo.

mtumbwi_mabamba
WAV nimeipata, dakika moja na kitu. Naipandisha usiku bando likiwa nafuu.