Karatasi ya Kigujarati yenye mwaka 1945: namtafuta babu wa bibi yangu, mfanyabiashara wa Bagamoyo

Mjukuu wa Dunda:

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, na kwa miaka mitatu sasa natafuta asili ya babu yake bibi yangu mzaa mama, Mhindi aliyekuwa na duka katika Mtaa wa India na kununua pembe za ndovu, sandarusi na mbata. Alizaa na mwanamke wa hapa hapa mjini, nasi ni kizazi cha mtoto huyo. Tumelelewa kwa Kiswahili, na kilichobaki kwetu kutoka kwake ni jina lenye sehemu tatu, ambalo sitaliandika hapa kwa ajili ya jamaa walio hai, pamoja na sanduku lenye karatasi moja ya Kigujarati.

Kinachonitatiza ni hiki. Mtu anayejua tarakimu za Kigujarati alitusomea mwaka ulioandikwa juu ya karatasi, akasema ni 1945. Lakini bibi, ambaye akili yake bado timamu, anashikilia kwamba babu yake alikuwa ameshazikwa kabla wazazi wake yeye hawajaoana, na bibi mwenyewe alizaliwa kabla ya vita vya Hitler. Nyumbani husimuliwa pia kwamba babu huyo alikimbilia Unguja wakati wa vita vya Mjerumani, kisha akarudi na kuanza biashara upya, nasi siku zote tumedhani ni vita vya 1914. Nimepita makaburini na katika ofisi moja ya usajili, kote nikitafuta jina la mwisho kama jina la ukoo, na sikuambulia kitu. Nianzie wapi?

Mzee wa Majalada:

Waalaikum salaam, mwanangu. Bibi yako anasema kweli, na karatasi nayo inasema kweli. Kilichokosewa ni kalenda. Wafanyabiashara wa Kigujarati na wa Kikachi (watu wa Kachi, jirani na Gujarati huko India) hawakuandika daftari zao kwa mwaka wa Kizungu bali kwa mwaka wa Samvati, yaani kalenda ya Kihindu, ulio mbele kwa miaka 56 au 57 kutegemea mwezi. Samvati 1945 ya Kigujarati ilianza baada ya Diwali, mwezi wa Novemba 1888, ikaisha Oktoba 1889. Wakachi wengi huanza mwaka wao mapema zaidi, katikati ya mwaka wa Kizungu, kwa hiyo usiweke tarehe kamili mpaka mtu akusomee jina la mwezi.

Sasa tazama mwaka huo ulikuwa mwaka gani Bagamoyo. Mwezi wa Septemba 1888 mji ulishambuliwa katika vita alivyoviongoza Abushiri bin Salim dhidi ya Kampuni ya Kijerumani. Watu wengi walikimbilia kwa mapadri wa misheni, na wafanyabiashara wengi wa Kihindi wakavuka kwenda Unguja. Wissmann, kamanda wa Kijerumani, alifika na jeshi lake mwaka uliofuata, akaivunja kambi ya Abushiri karibu na mji tarehe 8 Mei 1889, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba. Hivyo ndivyo vita vya Mjerumani ambavyo wazee wa mwambao walivitaja kwanza. Kumbukumbu ya nyumbani kwenu haikupotoka hata kidogo. Waliokuja baadaye ndio waliovisogeza hadi vita walivyovijua wao.

Ipo njia nyingine ya kuhakikisha, nayo ni fedha iliyotajwa. Kama ingekuwa 1945 ya Kizungu, hesabu ingekuwa kwa shilingi, iliyoingia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ukikuta riale, ile sarafu kubwa ya fedha, uko katika biashara ya zamani ya Unguja. Ukikuta rupia zenye pesa 64, umo kabla ya mabadiliko ya 1904, na ukikuta rupia yenye hela 100, umo baada yake. Neno hili hela, ambalo leo tunalitumia kwa fedha yoyote, lilibaki midomoni kutokana na sarafu hiyo ya Mjerumani.

Bint Shangani:

Shikamoo Mzee wa Majalada, na pole kwa kazi, dada yangu. Naomba niongeze juu ya jina, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukwama kama wewe. Wahindi wa wakati ule kwa kawaida hawakuwa na jina la ukoo tulijualo leo. Mtu alitajwa kwa jina lake, kisha la baba yake, wakati mwingine na la babu yake. Allidina Visram, aliyefika Bagamoyo akiwa kijana mdogo na kufanya kazi kwa mfanyabiashara Sewa Haji kabla ya kuwa tajiri wa maduka hadi Uganda, ni Allidina mwana wa Visram. Ukitaka kuona hatari ya jina la mwisho, chukua Taria Topan na Shivji Topan, wote wawili wakubwa wa biashara ya Unguja: wa kwanza alikuwa Khoja Mwislamu, wa pili Bhatia wa dini ya Kihindu, na hawakuwa ndugu hata kwa mbali. Kwa hiyo sehemu ya tatu ya jina mlilonalo huenda ikawa tayari ni mtu wa kizazi kingine, na umempata bure bila kujua.

Kwa kuwa Wahindi hao walihesabiwa kuwa chini ya Uingereza, kesi, madeni na mirathi yao vilipelekwa kwa Konsuli wa Uingereza Unguja, hata kama duka lilikuwa Bagamoyo. Njoo Kilimani, katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, uombe majalada ya mahakama ya konsuli, utafute kwa jina la kwanza. Kwa miaka ya utawala wa Kijerumani, Nyaraka za Taifa za Dar es Salaam ndizo zenye majalada yao, na huko utalikuta jina limeandikwa kwa masikio ya Mjerumani: penye J tafuta Dj au Dsch, penye V tafuta W.

Mama wa Kaole:

Nimesoma yote kwa makini, na moyo umeniuma kidogo kwamba hakuna aliyeuliza jina la yule mwanamke. Yeye naye ni babu zenu, kwa maana ya ukoo. Muulize bibi leo, si wiki ijayo: aliitwa nani, alikaa mtaa gani, na je, alisema kwao ni Uzaramo, Ukwere, Unyamwezi au Manyema, kule mashariki ya Kongo? Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara, na wanawake wengi waliletwa na njia hiyo bila hiari yao. Raia wa Uingereza, Wahindi wakiwemo, walikatazwa kumiliki watumwa, na mwaka 1860 Konsuli Rigby aliwaachia huru maelfu waliokuwa mikononi mwa Wahindi wa Unguja. Naamini ndiyo sababu mfanyabiashara asingependa kueleza katika karatasi mama wa mtoto wake ametoka wapi. Kama alibatizwa, daftari za misheni iliyoanzishwa Bagamoyo mwaka 1868 zinaweza kumtaja. Kama hakubatizwa, kinywa cha bibi yako ndicho daftari pekee.

Mjukuu wa Dunda:

Shikamooni wazee wangu, na ahsanteni sana. Jana nilimpelekea karatasi mama mmoja wa Kikachi, jirani yetu wa zamani. Ameisoma: mwezi ni Maha, yaani karibu Februari 1889, fedha ni riale, na mahali palipoandikwa juu si Bagamoyo bali Jangbar, ambalo ni jina lao la Unguja. Ni deni la mzigo wa pembe alilokiri akiwa ukimbizini. Jina la aliyemdai limo, na nitakwenda nalo Kilimani.

Na bibi nimemuuliza usiku huohuo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akalitaja jina la nyanya yake, ambalo hajawahi kulitaja mbele yetu, akasema alikuwa Mmanyema. Nimeliandika.