Mrejesho: Corolla KE20 kuvalishwa miguu ya KE70

Jamani, niliuliza kama miguu ya mbele (shokapu na kiunzi chake kinachobeba gurudumu) ya KE70, Corolla ya baadaye, yenye breki za diski, inaweza kuingia kwenye Corolla yangu ya 1973, yaani KE20, yenye breki za dramu. Imeingia. Fundi wangu hapa Nakuru alibakiza vikombe vya juu vya zamani, vile vinavyoshika mguu kwenye bodi, basi.

Kilichotutesa ni breki. Nikifika Njoro diski zinawaka moto, na pedali ya breki sijaikanyaga! Kumbe masta silinda (pampu ya breki) ya dramu huwa na valvu inayobakiza presha kidogo kwenye mabomba, na pedi zinabaki zimebana. Tukaweka masta ya diski, kwisha. Alaimenti (mkao wa magurudumu) nilichelewa kupima. Tairi mbili zimelika upande wa ndani. Ubahili wangu huo.