"Linux ni nyepesi, mwanangu": kanifutia kila kitu huku anatafuna chapati ya mama yangu

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Huyu fundi wa kompyuta katoka kwangu sasa hivi, hata vumbi la bodaboda yake halijatua. Wasimamizi naomba uzi huu msiuunganishe na nyuzi nyingine za mafundi, uacheni usimame wenyewe.

Jina simtaji, na sina haja. Kama unaishi Dodoma na umewahi kumiliki kitu chochote chenye waya, unamjua. Yule yule. Mwenye begi la mgongoni lenye bisibisi zinachungulia nje, anayemwita kila mtu "mwanangu" hata mzee wa miaka sabini, simu yake ikiita lazima aweke spika mtaa mzima usikie anavyodaiwa. Huyo huyo. Najua kuna watu wa Ilazo na Kisasa hapo wameshashika vichwa.

"Linux ni nyepesi, mwanangu." Hayo ndiyo maneno aliyoniambia. Mdomo umejaa chapati.

Sasa sikilizeni. Nyumbani nina seva yangu, kompyuta ya mezani ya mtumba iko chini ya meza ya televisheni. Ndani Debian, aina mojawapo ya Linux, juu yake Jellyfin, programu ya kurushia video kwenye televisheni. Nimeijenga kidogo kidogo tangu 2021. Watoto wana katuni zao, mke wangu ana sizoni zake, mama anabonyeza rimoti anaangalia video za ukoo, na hakuna bando linaloliwa. Diski ya terabaiti 2 ilishajaa 1.7, halafu ikaanza kulia kri kri kri usiku kama panya yuko ndani. Nikaipima kwa smartctl, programu ya kupima afya ya diski, sekta mbovu zinaongezeka kila wiki. Nikajibana nikanunua ya terabaiti 4. Mimi kutumia natumia, ila kuhamisha mzigo wote sijawahi, na vilivyomo humo si vya kufanyia majaribio. Nikasema nimwite mtaalamu.

Mtaalamu kaja saa nne asubuhi badala ya saa mbili. Kachomeka diski mpya, kaifomati ext4, mfumo wa Linux wa kupanga mafaili, hapo sawa. Diski ya zamani kaipachika kwenye folda ya /mnt/a, mpya kaipachika /mnt/b. Nani duniani anaita diski a na b? Mama yangu ana mbuzi kumi na mmoja Mvumi na kila mmoja ana jina lake! Mama, kwa ukarimu wake, akamwambia, "Karibu chapati, baba." Akakaribia. Mkono mmoja chapati, mkono mmoja kibodi, akaandika hivi, nimeikuta kwenye historia ya amri na nimeipiga picha:

rsync -av --delete /mnt/b/ /mnt/a/

Wanaojua wameshapiga kelele. Kwa wasiojua: rsync ni programu ya kunakili mafaili, inasoma kwa kwanza inapeleka kwa pili. Na hilo neno --delete linaiambia, chochote kilichoko kwa pili ambacho kwa kwanza hakipo, futa. Kwa kwanza ni diski mpya. TUPU. Ina miaka sifuri duniani. Kwa hiyo kaiambia mashine: chukua utupu huu, nenda kaufananishe na miaka yangu yote.

Majina ya mafaili yakaanza kushuka kwenye skrini kama mvua ya Januari. Mimi nimesimama mlango wa jikoni na birika, naona majina tu yanapita, ya harusi ya dada Kondoa, ya mtoto, ya bibi. Akanigeukia anacheka, "Unaona zinavyohama?"

Dakika tatu. Imekwisha.

Nikamuuliza, kaka, terabaiti 1.7 dakika tatu? Mbona hata kwa waya mzuri wa USB 3 ni zaidi ya saa tatu? Ndipo akameza, akapangusa mafuta kwenye PAZIA, akasema: "Linux ni nyepesi, mwanangu."

Nyepesi! Imekuwa nyepesi kwa sababu haina kitu ndani! Nimefungua diski ya zamani, imebaki folda moja, lost+found. Nimefungua mpya, lost+found. Diski mbili, terabaiti 6, na kilichomo ni folda mbili ambazo hata mimi sikuziumba.

Muvi nitazipata, wala sizililii. Ninacholilia ni video ya bibi mzaa mama anatwanga na kuimba Kigogo pale Mvumi, 2016, na mjomba pembeni na zeze lake. Bibi hayupo tena. Wimbo ule mama anaujua nusu, nusu nyingine aliijua bibi peke yake, na ilikuwa humo. Mama kakaa sebuleni na rimoti mkononi anaiuliza televisheni, "Bibi yuko wapi?" Na yule mtu, wakuu, nilipomwambia umefuta, alitazama skrini, akatazama sahani, akasema, "Basi hizo zilikuwa zinafutika tu mwanangu, diski ilikuwa mgonjwa." Akachukua chapati ya pili. YA PILI. Akadai elfu ishirini iliyobaki.

Nina hasira za kuivuta SGR kutoka hapa mpaka Dar bila umeme. Nikilia vizuri bwawa la Mtera linafurika. Akipita kwako, funga geti.

---

Vumbi la Hombolo:
Ni yule anayesema "hii ni kazi ya dakika kumi"? Mimi alinifungulia redio ya gari, akabakiza skrubu sita. Akasema kiwandani waliziweka nyingi.

Ndezi wa Ntyuka:
Huyo huyo. Nimemjua kwa pazia. Na kwangu alifuta kwenye pazia.

Mama Chapati Moto:
Pole kaka. Ila chapati za kumimina au za kusukuma?

Kisimati:
Mleta mada nina swali moja. Hiyo -v maana yake inatangaza kila inachofanya. Kila mstari ulianza na neno "deleting". Mistari elfu kadhaa, yote inasema deleting, deleting, deleting. Umesimama na birika unaangalia?

Mleta mada:
Nilikuwa mlango wa jikoni! Mita nne! Naona majina, neno la mbele sioni! Halafu nimeita fundi ili nisisome mwenyewe. Ukimpeleka mtoto hospitali unasoma bomba la sindano? Na mtu anakuambia "unaona zinavyohama" huku anacheka, anatafuna!

Kisimati:
Sawa mkuu. Deleting.

Ndezi wa Ntyuka:
Hahahaha Kisimati utauliwa.

Mbuyu Mkavu:
Acheni utani kidogo, huyu bado ana nafasi. Mkuu nisikilize, ZIMA hiyo mashine sasa hivi. Usiiwashe kuangalia tena kama zimerudi, hazirudi zenyewe. Faili likifutwa kinachoondoka kwanza ni kumbukumbu ya lilipokaa, data yenyewe inabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Sasa bahati yako ni kwamba ile mpya ni tupu na ni kubwa. Washa mashine kwa flashi ya Linux ya kuwashia bila kusakinisha, usipachike diski ya zamani, chukua ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, uivute yote nzima kama taswira, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, iingie kwenye ile ya terabaiti 4. Diski inalia kri kri, kwa hiyo unaisoma mara moja tu, usiikwangue mara kumi. Halafu fanyia kazi ile taswira. PhotoRec, programu ya kufufua mafaili, itapita inachambua alama za mwanzo za mafaili. Majina hayatarudi na ext4 ikifuta inasafisha ramani ya vipande, kwa hiyo video ndefu nyingine zitatoka zimekatika. Ila ya bibi kama ilirekodiwa kwa simu na ni ya dakika chache, ina nafasi nzuri.

Mleta mada:
Mbuyu Mkavu Mungu akuweke. Ni ya dakika nne na sekunde kumi. Nimeizima. Nimechomoa hata waya ukutani. Lakini jamani mnielewe, ALIPANGUSA KWENYE PAZIA kisha akasema nyepesi.

Windozi Forever:
Ndiyo maana mimi nakopi nabandika kwa mausi, naona mpaka kile kimstari cha kijani. Hizo skrini nyeusi za amri mnajitafutia presha.

Mbuyu Mkavu:
Hata kwa amri kuna breki. Ukiongeza -n rsync inakuonyesha ingefanya nini bila kugusa chochote. Herufi moja. Na kwenye kuhama mara ya kwanza --delete ya nini? Unapeleka kwenye nyumba tupu, unamfukuza nani?

Tumbo Joto:
Windozi Forever nyamaza, wewe si ndiye ulileta uzi hapa flashi ya giga 32 inakataa muvi ya giga 5 unasema flashi ni feki? FAT32, ule mfumo wa kupanga mafaili kwenye flashi, haibebi faili zaidi ya giga 4, tulikueleza kurasa tatu.

Windozi Forever:
Ile ilikuwa flashi ya shemeji.

Mzee wa Diski Pacha:
Mleta mada ungekuwa na RAID 1, diski mbili zinazoandikwa kitu kile kile, leo usingelia.

Mbuyu Mkavu:
RAID 1 ingefuta kwenye diski zote mbili kwa sekunde ile ile. Inakulinda diski ikifa. Fundi akija na chapati haikulindi. Bekapu ni nakala iliyokaa pembeni, imechomolewa, na nyingine iko nje ya nyumba kabisa. Video ya bibi ingekaa hata kwenye flashi ya mjomba Mvumi.

Mleta mada:
Mjomba hana hata kompyuta.

Mbuyu Mkavu:
Flashi haihitaji kompyuta ili ikae kabatini. Na ukishapona, siku ya kuhama kweli: simamisha huduma ya jellyfin kwanza, usikopi muvi peke yake ukasahau /var/lib/jellyfin na /etc/jellyfin, humo ndimo zilimo akaunti za watu na walichokwisha kuangalia. Diski mpya ipachike njia ile ile ya zamani, uiandike kwenye fstab, faili la orodha ya diski za kupachika, kwa UUID, namba ya pekee ya diski hiyo, usitumie majina kama sdb wala sdc, maana ukichomeka flashi majina hayo yanaweza kubadilishana.

Dada wa Chang'ombe:
Nyie mna vidiski, mimi nina kidonda. Mpiga video wa harusi yangu, Dodoma hii hii, wote mnamjua, yule mwenye droni moja na ahadi mia. Mwaka wa pili huu naomba flashi. Mwaka wa kwanza alisema anahariri. Sasa nina mtoto anatembea, ananiambia bado anachagua muziki.

Ndezi wa Ntyuka:
Mwenye kofia ya cherehani hata kwenye jua la saa saba?

Dada wa Chang'ombe:
HUYO! Na siku ya harusi alikula sahani tatu!

Vumbi la Hombolo:
Naanza kuona hawa watu wana chama kimoja.

Mama Chapati Moto:
Bado hamjanijibu, za kusukuma au za kumimina?

Mleta mada:
Za kusukuma! Mama aliamka saa kumi na moja! Jamani turudi kwenye mada. Yule mtu alisema diski ilikuwa mgonjwa, kwa hiyo kosa ni la diski. Mnasemaje hapo?

Tumbo Joto:
Mimi nasema Dada wa Chang'ombe akachukue ile droni iwe dhamana.

Kipusa wa Area C:
Mpiga video ana nafuu, yupo anaonekana. Fundi cherehani wangu nilimpelekea kitenge cha doti mbili kabla ya Krismasi. Kila nikipita ananipima upya. Nimepimwa mara nne! Mara ya mwisho akasema nimenenepa kwa hiyo kitambaa hakitoshi. Ni nani aliyeninenepesha kama si kungoja kwake?

Ndezi wa Ntyuka:
Hahahaha nimeanguka kwenye kiti.

Kisimati:
Kipusa, kitenge chako: deleting.

Mbuyu Mkavu:
Mleta mada ddrescue umeanza? Weka na faili la kumbukumbu lake, umeme ukikatika itaendelea ilipoishia. Usipoliweka utaanza upya, na diski ile haina uhai wa kuanza upya.

Mleta mada:
Nimeanza. Imesoma giga 40. Mama amekaa mbele yake kama anasubiri ugali uive. Nimemwambia ni kesho, hataki kuondoka.

Dada wa Chang'ombe:
Msalimie mama. Mwambie tunamuombea bibi atoke.

Windozi Forever:
Kipusa, huyo fundi cherehani ni yule wa karibu na soko la Majengo, mwenye mashine mbili na moja mbovu miaka yote?

Kipusa wa Area C:
Ndiyo! Unamjua?

Windozi Forever:
Ana suruali yangu tangu Pasaka. Unapita pale lini? Twende pamoja, mimi nashika mlango, wewe ingia.