Naomba ushauri: basi la Mwanza–Kampala linanimaliza miguu
Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao naenda tena Kampala kutembea, begi mgongoni, kupitia Geita, Biharamulo na Bukoba. Mwaka jana nilipewa siti ya nyuma kabisa, juu ya tairi, magoti yamebanwa na kiti cha mbele, chini kiroba cha dagaa cha mtu (harufu nilishuka nayo). Kuchimba dawa tulisimama mara mbili tu, kwa hiyo nikaogopa kunywa maji. Kufika Mutukula kugonga pasipoti, viatu haviingii, miguu imevimba.

Siti ya mbele nitawahi kukata. Shida ni maji: mnakunywaje bila kugombana na konda? Soksi za kubana zinasaidia kweli, au nilale Bukoba nimalizie kesho yake?