Naomba ushauri: niliwahi kutiwa hatiani, je, niombe kazi kwenye duka la bangi ya matibabu?

Mtoto wa Nyarugusu: Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Ninaishi Phoenix, Arizona, na duka moja la bangi ya matibabu linatafuta wauzaji kwa mshahara unaozidi ninaoupata ghalani, ambako nafanya zamu za usiku. Shida ni kwamba niliwahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai. Je, niombe?

Mama Zawadi: Mwanangu, tumewalea kwenye kambi ya wakimbizi kwa tabu, leo unataka kuuza bangi? Mdogo wangu ilimvuruga akili, na hadi sasa tunamfungia mlango usiku. Cheti cha daktari hakiigeuzi kuwa panadoli.

Fundi Selemani: Mama, shikamoo. Anauliza habari ya sheria. Kosa lenyewe ni lipi?

Mtoto wa Nyarugusu: Ni bangi, mwaka 2017, gramu sita mfukoni, za kuvuta mwenyewe. Nilipewa kifungo cha nje, nikakimaliza 2019. Sioni kwa nini inizuie, ilhali kazi yenyewe ni ya bangi.

Kahindo: Gramu sita ziwe kosa kubwa, katika jimbo lililoruhusu bangi ya matibabu tangu 2010? Kisa hiki kimetungwa.

Fundi Selemani: Hakijatungwa. Kabla wapiga kura hawajapitisha Pendekezo la 207 Novemba 2020, lililowaruhusu watu wazima kutumia bangi, mtu asiye na kadi ya mgonjwa aliweza kushtakiwa hapa kwa kosa kubwa hata kwa kiasi kidogo. Sheria ya 2010 nayo inawazuia kuajiriwa dukani waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa ya dawa za kulevya, mpaka miaka kumi ipite tangu wamalize adhabu. Hata hivyo, tangu Julai 2021 unaweza kuiomba mahakama ifute rekodi ya kosa kama lako. Una uraia?

Mtoto wa Nyarugusu: Nina grini kadi, uraia nimeuomba Machi. Lakini jimbo limeruhusu, duka linalipa kodi, na barua ya kuacha kazi nimeshaiandika.

Fundi Selemani: Ndugu yangu, ungeanza na hilo. Uhamiaji ni wa serikali kuu ya Marekani, si wa jimbo, na mwongozo wake wa Aprili 2019 unasema kwamba kufanya kazi katika biashara ya bangi kunaweza kukukosesha uraia hata pale jimbo linaporuhusu, na rekodi iliyofutwa na jimbo bado inahesabiwa na uhamiaji. Raia mwenye rekodi kama yako ningemwambia aifute na aombe kazi hiyo, tena anaistahili, kwa sababu aliadhibiwa kwa kitu ambacho wengine wanakiuza leo mchana kweupe. Wewe muone kwanza wakili wa uhamiaji.

Mtoto wa Nyarugusu: Barua bado imo kwenye begi. Naingia zamu saa nne usiku, na msimamizi ananisubiri.